Mabosi Watatu na Mashine Moja

Mume na mke walianza kuoka mikate jikoni kwao, wawili tu. Kazi ikakua. Sasa walikuwa na banda nyuma ya nyumba, tanuri la gesi, mashine ya kukandia unga na wafanyakazi kumi na mmoja. Mdogo wake mume naye alikuja kusaidia. Wafanyakazi walimwita mume Bosi, mke Mama, na yule mdogo mtu Bosi Mdogo.

Wote watatu walikuwa wachapakazi. Wote watatu walitoa amri.

Bosi alimtuma mtu hamira. Njiani Mama akampa trei abebe. Kabla hajazitua, Bosi Mdogo akamwita apakie gari. Mwishowe hamira haikuja, na aliyegombezwa ni yeye.

Asubuhi moja shule mbili zilikuwa zinasubiri mikate. Unga ulikuwa umegandia ndani ya mashine. Bosi akaizima.

"Msemaji, ubandue huo unga," alimwambia mkandaji. Walimwita Msemaji kwa utani, maana kwa siku nzima hakutoa maneno kumi. Msemaji akainama nyuma ya mashine, akaingiza mkono. Bosi akaenda kwenye tanuri.

Bosi Mdogo akaingia mbio kutoka kwenye gari. Aliona mashine imesimama. Hakumwona Msemaji aliyeinama nyuma yake.

"Mizani, mbona mmelala? Washa."

Mizani alikuwa dada wa kupima unga. Muda wote alikuwa ameipa mashine mgongo. "Mashine ameizima Bosi," alisema.

"Na mimi ni nani? Washa, dereva ananisubiri."

Mizani alishika swichi. Akasita. Kisha akawasha.

Mashine ilizunguka nusu tu. Msemaji alipiga ukelele ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake. Mizani akazima. Shati la Msemaji lilikuwa limesokotwa kwenye chuma, na vidole viwili vimepinda vibaya.

Ukelele ulimfikia Bi Zamu, jirani wa ukuta mmoja. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha sabuni, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alikuja mbio. Akalikata shati, akaufunga mkono kwenye kibao chembamba. Mama akampeleka Msemaji hospitali.

Mama aliporudi mchana, macho yalikuwa mekundu. "Vidole vimevunjika, lakini vitapona," alisema. "Mashine ingezunguka tena, tungekuwa tunasema mengine."

"Nani alimwambia Mizani awashe?" Bosi aliuliza.

"Na wewe ulimwambia nani kwamba kuna mtu ndani?" mdogo wake akamjibu.

Mizani alikuwa analia kando ya magunia. "Mimi nimefanya nilivyoambiwa," alisema.

Bi Zamu aliwaacha wapumue kidogo. "Naomba kuuliza. Mizani anapokea amri kwa nani?"

"Kwangu," walijibu wote watatu kwa pamoja.



"Basi kosa liko hapo," Bi Zamu alisema. "Kiwandani kwetu tuko mia mbili, lakini kila mtu ana msimamizi mmoja tu. Msimamizi naye ana meneja wake. Amri inashuka kwa njia hiyo, na tatizo linapanda kwa njia hiyo hiyo. Meneja akimhitaji mtu wangu, anaanza kwangu."

"Sisi ni familia, si kiwanda," Bosi Mdogo alisema.

"Familia ni sebuleni, shemeji. Humu kuna mashine."

Alichukua chaki, akachora ukutani kisanduku kimoja juu na viwili chini. "Cha juu ni cha meneja, vya chini ni vya wasimamizi wawili. Mizani, mkikwama huwa mnaenda kwa nani?"

Mizani aliangalia sakafu. "Kwa Mama."

Bosi alikiangalia kile kisanduku cha juu. Banda hili alilijenga kwa mikono yake. "Andika Mama," alisema mwishowe. "Mimi niweke kwenye unga na tanuri."

"Yaani mimi nipokee amri kwa shemeji yangu?" mdogo wake aliuliza.

"Utapokea kwangu," Mama alisema. "Lakini madereva na wauzaji watapokea kwako peke yako. Sitakuruka."

Akakubali, ila shingo upande. Wakaandika pia kwamba anayezima mashine ndiye atakayeiwasha.

Wiki ya tatu, saa ya kuoka ilifika na tanuri ni baridi. Bosi Mdogo aliingia amekunja uso.

"Mizani, washa tanuri."

"Bosi amekataza mpaka aseme mwenyewe."

"Nimekuambia washa."

Mizani hakusogea. "Msimamizi wangu ni Bosi. Yuko nyuma ya banda, kamuulize."

Watu waliacha kazi. Bosi Mdogo alimkazia macho, kisha akazunguka nyuma. Alimkuta kaka yake amepiga magoti, anapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi. Povu lilikuwa linavimba na kupasuka.

"Unavuja," Bosi alisema bila kugeuka. "Nimefunga mtungi. Fundi yuko njiani, na Mama ameshazipigia shule simu."

Bosi Mdogo aliinama akaliangalia povu. "Madereva niwaambie nini?"

"Hao ni watu wako."

Alirudi ndani, akasimama mbele ya Mizani. "Asante, dada," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akatoka kwenda kuwaambia madereva wazime magari na wasubiri.