Mkanda Usio na Kichwa

Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana, Mzee Oluoch alifungua sanduku lake la bati nyumbani Kombewa na kukuta kopo la mkanda wa sinema ni tupu. Kufuli lilikuwa zima. Projekta ilikuwa mezani, shuka jeupe limetundikwa ukutani, wageni wanamalizia chai.

Kila mwaka siku hiyo familia humkumbuka marehemu mkewe, Achola, kwa kutazama mkanda mmoja. Ni kichekesho cha dakika kumi na saba alichokinunua mzee zama zile akizunguka na jenereta masokoni, Katito hadi Luanda Kotieno, watoto wakitangulia mbio kutangaza kwamba sinema imefika. Siku hizo zilikuwa tamu, atakayebisha hakuwepo. Mwishoni mwa kichekesho mzee aliunganisha kwa gundi dakika tatu alizopiga mwenyewe: Achola anashuka kwenye feri, anacheka, anashika kitambaa kisipeperuke. Nakala nyingine hakuna. Na mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kufunika jicho moja la mzee, la pili likibakiza mwanga kidogo. Asipomwona Achola mwaka huu, huenda asimwone tena.

Saa tisa alifika Inspekta Charity Wamaitha. Alihamishiwa huku miaka minne iliyopita, na tayari alijua kukataa kikombe cha tatu cha chai bila kumuudhi mwenye nyumba.

Ufunguo hukaa ndani ya kikombe cha Achola, kwenye rafu, na hakuna mtu wa familia asiyejua. Macho ya wageni yalimwelekea Seline, binti anayeishi na mzee. Seline alieleza kwa sauti ya kukwaruza kwamba tangu utotoni kazi yake ni kuurudisha mkanda nyuma kabla wageni hawajafika, kwa sababu baba yake huuhifadhi vile vile ulivyoisha. Leo mapishi yalimchelewesha. Ouma, kaka yake mkubwa, muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi Kisumu, alimtetea. Yeye hufika viti vikiwa vimepangwa, hukaa, hutazama, hulia kidogo, huondoka.

Seline alikumbuka jambo moja: Kiragu, mchuuzi wa redio na kamera kuukuu huko soko la Kibuye, Kisumu, alikuja mara mbili kutaka kununua mkanda, akafukuzwa.

Saa kumi na moja jioni Wamaitha alikuwa dukani kwa Kiragu. Mkanda ulitolewa kwenye droo bila ubishi. Uliletwa Alhamisi na mtu wa bodaboda, akarudi na pesa taslimu. Nani alimtuma, Kiragu hakuuliza, na biashara ya vitu kuukuu haiulizi sana. Zamani mikanda hii midogo ya kutazama nyumbani ilitupwa. Sasa wakusanyaji wa ng'ambo wanaigombania, na bei hupanda kila mwezi.

"Lakini huu wamenipiga, Madam," alisema Kiragu kwa uchungu. "Hauna kichwa. Jina la sinema na mwanzo wote umekatwa. Nani atanunua?"

Wamaitha aliazima lenzi yake, akaukagua mkanda kuanzia nje, mita chache tu. Kisha akaufunga kwenye gazeti, akaondoka nao bila neno. Mchuuzi hawezi kukata kichwa cha mali yake. Mwizi mwenye njaa ya pesa tu hakati chochote.

Jumapili saa tisa aliwakusanya mzee, Seline na Ouma sebuleni, akauweka mkanda mezani, bado gazetini.

"Nimeupata," alisema. "Mzee, leo utamwona Mama."

Seline alijifuta macho. Ouma alitazama sakafu.

"Madam, usimdanganye Baba," alisema. "Mama hayuko hapo. Huo umekatwa."

"Sijamwambia mtu kwamba umekatwa."

Ouma aliinua kichwa. Kisha akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Ndani mlikuwa na kipande cha mkanda.

"Sikumuuza Mama," alisema. "Nilimtoa kwanza. Yeye ni wa mwisho, kwa hivyo nilikata kule ndani kabisa."

"Dada yako angekata nje," alisema Wamaitha kwa upole. "Mkanda ukihifadhiwa ulivyoisha, mwisho wake ndio uko juu. Ulimuuza Mama, ukabaki na jina la sinema."

Ouma aliinua kipande dirishani. Mtu mwenye kofia ndefu alikuwa anateleza kwenye ganda la ndizi. Siku tatu alikuwa akimbeba huyo kifuani.

"Daktari alisema macho yako hayangojei, Baba. Ulikataa pesa zetu; hizi zingekuwa zako. Nilitaka uone."

"Nione nini, Ouma," aliuliza mzee, "na wewe umeuza cha kuona?"

Ouma alikiweka kipande mezani, kando ya mkanda. Baadaye mzee alimwambia inspekta kwamba hana mashtaka. Ouma aliahidi kumrudishia Kiragu pesa zake kesho yake, na mzee, kwa mara ya kwanza, alikubali watoto wampeleke akatibiwe.

Seline aliurudisha mkanda nyuma, wakafunga mapazia. Kichekesho kilianzia katikati na hakuna aliyelalamika. Achola alipotokea kwenye feri, mzee aliinuka, akasogea mpaka pua ikakaribia shuka, akasimama hapo dakika zote tatu.

Mwanga ulipokwisha, Ouma alishika mkono wa projekta aurudishe mkanda, akitaka kusaidia.

"Acha," alisema baba yake. "Mama yako hukaa huku nje. Hakupenda kufungiwa ndani."