Goli Lisilotangazwa

Walikutana kwenye geti la uwanja, siku ya mechi, watu wamebanana mpaka kifungo cha shati jeupe la mtangazaji wa redio kikang'oka. Fundi cherehani, aliyekuja kuuza bendera alizoshona mwenyewe, akamvuta pembeni na kumshonea palepale.

"Usipumue, nitakuchoma."

"Na ukinichoma?"

"Utatangaza huku unalia."

Basi mapenzi yakaanza. Simu kila jioni, mpenzi hivi, mpenzi vile. Fundi hakuwa mtu wa maneno, lakini siku moja yalimtoka: "Ukija, nyumba inajaa. Ukiondoka, hata kiti kinakuulizia." Akaona aibu, akakata simu.

Jumapili, mshambuliaji akafunga, mzuka ukampanda mtangazaji, akayamwaga yote redioni: "Ukija, nyavu zinajaa! Ukiondoka, hata lango linakuulizia!" Wiki haikuisha, uwanja mzima ukawa unayaimba kwa ngoma.

"Lakini mpenzi, nilikuwa najivunia wewe," alijitetea kwenye simu.

"Ulimsifu mshambuliaji. Mimi nilikuwa na maneno hayo tu, na umeyagawa."

Miezi mitatu fundi hakupokea simu yake. Alishona jezi, akapima mabega ya wanaume wa watu, akapika chai ya vikombe viwili kwa mazoea na kukitazama cha pili kikipoa. Upweke ulimkaba, jamani. Kibaya zaidi, kila mechi maneno yake yalipita dirishani, yakiimbwa na watu wasiomjua.

Siku ya fainali alifungua redio. Alijidanganya kwamba anataka kelele tu. Dakika ya themanini na tisa uwanja ukalipuka, wimbo ukaanza, ila mtangazaji hakutoa neno. Sekunde kumi. Ishirini.

Kinyozi wa duka la pili akachungulia mlangoni. "Mbona hatangazi? Amezirai?"

"Mzima huyo," fundi akasema, akisimamisha cherehani. "Amenyamaza tu."

Hatimaye sauti ikaja, imekauka. "Goli limeingia. Nilikuwa na maneno ya kulisema, lakini yana mwenyewe. Nilimchukulia bila kumwomba. Sitayasema tena."

Jioni simu ikaita. Akaiacha iite mara tatu, kisha akapokea.

"Bosi amenisimamisha wiki mbili," mtangazaji akasema. "Halafu shati langu limetoka kifungo."

"Kipi?"

"Bado sijaamua."

Fundi akacheka, machozi yakimtoka. Akavuta kile kiti cha pili, akakifuta vumbi.

"Njoo," akamwambia. "Kimekuulizia sana."