Nepi Zilizokosa Pasi

Nikisikia harufu ya mkaa na nguo mbichi, moyo wangu hurudi mbio nyumbani kwa shangazi. Shangazi alikuwa dobi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, na marobota ya nguo za watu yaliyofika karibu na dirisha. Kila nilipotoka shule nilipita hapo kwanza. Kazi yangu ilikuwa kunyunyizia nguo maji kwa vidole, nami nilijiona fundi mkubwa, ingawa mara nyingi nililowa mimi kuliko nguo.

Fundi wa kweli alikuwa binamu yangu, binti wa shangazi. Sote tulimwita Chapuchapu, kwa sababu hakuna kazi iliyolala mikononi mwake. Alikuwa akipiga pasi shati huku akinisimulia vituko vya darasani kwao, anacheka, analikunja, na shati linatoka halina kunyanzi hata moja. Nilimpenda kupita kiasi, na hadi leo sijaona mikono kama ile.

Shangazi alikuwa na amri moja isiyo na mjadala. Nguo yoyote ikishaanikwa lazima ipigwe pasi, mbele na nyuma, hadi kwenye mapindo. Hata soksi.

"Mama, nani ataangalia ndani ya soksi?" Chapuchapu alilalamika.

"Yupo anayeangalia," shangazi alijibu, "na wala hahitaji miwani."

Tulicheka tukidhani anatania, kwa maana shangazi alikuwa na utani mwingi.

Mvua zilipoanza, kamba zetu zilijaa mashuka ya nyumba ya wageni. Mwenye nyumba hiyo, tuliyempachika jina la Mama Shuka, ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa shangazi. Bila mashuka yake, ile meza ingekaa tupu nusu ya wiki. Sasa alikuwa amejifungua, na nepi za mtoto nazo zikaanza kuletwa kwetu.

Siku moja kamba zilikosa nafasi, Chapuchapu akazitandaza nepi kwenye nyasi, kivulini nyuma ya nyumba. Jioni bado zilikuwa na unyevunyevu, na uwanjani mechi ya netiboli ilikuwa inaanza. Akafanya ujanja ambao mtoto wa dobi tu angeufikiria. Alizikunja kwa kiganja, akazipachika katikati ya mashuka yaliyotoka kwenye pasi yakiwa na joto, kisha akalikalia robota kidogo. Alipozitoa zilikuwa zimenyooka sawasawa na zilizopigwa pasi. Nilimpigia makofi, naye akachomoka mbio kwenda uwanjani.

Baada ya wiki moja hivi, Mama Shuka aliingia kwetu akihema, mtoto mikononi, yaya nyuma yake.

"Dada, hebu tazama mwanangu!" alisema. Kiunoni na mapajani mtoto alikuwa na vijipu vyekundu. "Ni huyu yaya. Anamwogesha kwa maji machafu. Tukitoka zahanati, anafungasha virago."

Yaya alikuwa msichana mpole, hana ndugu mjini. Machozi yalimtiririka. Shangazi alifunga mlango, tukafuatana sote hadi zahanati.

Muuguzi aliinama akavichunguza vile vijipu. Juu ya kila kimoja kulikuwa na kitundu kidogo, na ndani ya kitundu kitu kilitikisika. Alipaka mafuta ya mgando, akasubiri.

"Tumemzibia hewa," alisema. "Sasa atatoka mwenyewe kutafuta pa kupumulia."

Kweli, baada ya muda aliminya taratibu, akatoka buu mweupe, mnene. Mama Shuka alipiga yowe kuliko mtoto.

"Huyu ni mtoto wa nzi," muuguzi alieleza. "Ndugu zake mnawajua. Ni wale wa kijani na buluu wanaong'aa, wanaovamia nyama."

"Wachafu wale!" nilidakia.

"Wachafu? Mbwa akifa porini, nani anamzika?" aliniuliza huku akiendelea na kazi. "Nzi hao hufika kabla ya mtu yeyote, hutaga mayai, na mabuu yao hula mzoga mpaka ibaki mifupa. Udongo unapata rutuba. Wasingekuwepo, tungetembea tumeziba pua mwaka mzima. Mababu zao walifanya kazi hiyo kabla binadamu hajakuwepo duniani."

"Sasa huyu kwa nini ale mtu aliye hai?" shangazi aliuliza.

"Ukoo ni mkubwa, na kila mmoja ameshika njia yake. Wataalamu wanadhani wapo walioanza na vidonda vya wanyama, na kizazi baada ya kizazi wakafikia kuingia hata ngozi isiyo na jeraha. Nzi mwenyewe hamgusi mtoto. Hutaga mchangani au kwenye nguo mbichi iliyo kivulini, na mabuu hungoja joto la mwili. Pasi ya moto huwamaliza. Hizi nepi mnazianika wapi?"

"Zinafuliwa kwa huyu dada," alijibu Mama Shuka.

"Kwangu nguo haitoki bila pasi," shangazi alisema kwa fahari. "Hata soksi."

"Umesikia?" Mama Shuka alimgeukia yaya. "Basi ni wewe unayezitupa kwenye nyasi!"

Nilizikumbuka zile nepi za kivulini. Chapuchapu akisema, mashuka yangeondoka, na shangazi angeumbuka mbele ya watu. Akinyamaza, yaya angelala nje. Nilimtazama binamu yangu.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilizianika kwenye nyasi na sikuzipiga pasi. Mama hakujua."

Shangazi aliinamisha kichwa, kisha akamwomba radhi Mama Shuka, na baada yake yaya. Mama Shuka alimgeukia yaya, akampa mtoto ambebe, wakaondoka.

Wiki hiyo hatukuletewa mashuka. Meza ilikaa tupu, na Chapuchapu alifagia chumba kilichokwisha kufagiwa, asijue pa kuiweka mikono yake. Sikuwahi kumwona mpole kiasi kile, na niliumia sana.

Kisha asubuhi moja yaya alitokea mlangoni na robota kichwani.

"Mtoto amepona kabisa," alisema. "Mama amesema nepi azipige pasi yule yule aliyesema kweli. Hataki mwingine."

Chapuchapu alilipokea robota huku akilia. Shangazi alimwacha alie, kisha akamvuta karibu.

"Yule nzi hakukosea, mwanangu," alisema. "Alifanya kazi yake kama mama zake walivyofanya. Kati yake na mtoto tulikuwepo sisi tu, na siku ile tulitoroka kazini. Kwa hilo nilikasirika. Lakini kupiga pasi naweza kumfundisha mtu yeyote. Kusema kama ulivyosema mle zahanati, sijui ningeanzia wapi kumfundisha mtu. Haya, washa mkaa."