Aliyetoka Katikati ya Igizo

Jumamosi moja ya mwaka 1957, kwenye stendi ya mabasi ya Mbeya, Kalinga alishuka na sanduku lake akakanyaga kiatu cheupe cha msichana aliyevaa gauni la maua ya njano.

"Kaka, hayo ni macho au vifungo vya koti?"

"Yalikuwa macho, dada, mpaka yalipokuona."

Tusajigwe, muuguzi wa hospitali pale mjini, alijitahidi kununa, lakini kicheko kikamponyoka. Basi, mambo haya unayajua yanavyokwenda. Kalinga alikuwa karani wa posta Iringa, na kwa miezi mitano simu ya hospitali haikupumua.

"Mpenzi, lile igizo liko tayari," alimwambia siku moja. Alikuwa amelitoa katika kitabu cha historia, juu ya vita vya Wahehe na Wajerumani, na jemadari angekuwa yeye mwenyewe. "Njoo ulitazame. Likiisha, nina neno la kukuuliza."

"Neno gani hilo lisilopita kwenye waya?"

"Njoo tu, Tusa wangu."

Ukumbi wa Iringa ulifurika. Wazee walisimama kuwasahihisha waigizaji: "Mkuki haushikwi hivyo, we kijana!" Akina mama walilia kwa sauti boma lilipochomwa. Tusajigwe alikaa na Lea, dada yake Kalinga. Mara mzee mrefu mwenye koti la kijivu akaingia, akaja moja kwa moja kwenye benchi lao.

"Huyo ndiye baba yetu," Lea alinong'ona.

Tusajigwe alijifunika khanga kichwani, akainama, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Jukwaani, Kalinga aliona mgongo wake tu. Maneno yakampotea, machozi yakamtoka ya kweli. Watazamaji wakadhani jemadari anaililia nchi yake, wakalipuka kwa vigelegele. Kiburi kikamzuia kumtafuta, na alfajiri Tusajigwe akapanda basi kuwahi zamu. Mji mzima ukawa unamsifu: "Bwana Kalinga, kulia kule ulijifunzia wapi?" Maskini, kila sifa ilimchoma.

Jumatatu akapiga simu Mbeya.

"Kama igizo lilikuudhi, au mimi, niambie. Usinionee haya."

"Liniudhi? Kalinga, baba yako alikuwa anakuja kukaa kando yangu!"

"Sasa baba kakukosea nini?"

"Jamani nyie Wahehe! Kwetu Unyakyusa mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani anajificha. Ningekaaje naye benchi moja?"

Kalinga alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Mkamwana? Lakini Tusa, mimi bado sijakuuliza!"

"Basi uliza upesi, wagonjwa wananisubiri."

"Utakubali nikuoe?"

"Mwanamume huyu! Si nimeshakujibu mbele ya ukumbi mzima?"

Kalinga akapiga yowe la furaha, na wote waliopanga foleni ya stempu wakageuka kumtazama.