Mtu wa Tatu Kwenye Skrini

Siku waliyokutana, jengo la vifaa vya umeme lilikuwa limejaa pomoni. Kila duka linapiga muziki wake, wauzaji wanavuta watu mikono, wateja wanakanyagana viatu mbele ya kaunta za chaja. Msichana alikuwa amekuja kutafuta kebo tu. Alivaa gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, bisibisi imechomoza kwenye mfuko mmoja, maana alikuwa ametoroka kazini kidogo. Alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali kubwa, na huko madaktari na wauguzi walimbatiza jina la Kagua. Ukimpigia simu kwamba kompyuta imegoma, jibu lake lilikuwa lilelile: "Kagua kwako kwanza." Na mara nyingi, wallahi, waya ulikuwa umechomoka miguuni pa mlalamikaji mwenyewe.

Pembeni yake kijana mmoja mwenye shati jeupe lililonyooshwa likanyooka alikuwa amefungua laptopu na kumbana muuzaji.

"Mmeniuzia skrini mbovu. Nikiandika amri ndefu haishuki mstari wa chini. Inarudi mwanzoni mwa mstari uleule na kula nilichokwisha kuandika. Ona!"

Muuzaji akatazama pembeni, hajui hili wala lile. Kagua naye mdomo wake haukuzaliwa kukaa kimya.

"Skrini yako ni nzima, kaka. Wewe umetia rangi pale mwanzo wa mstari, sivyo?"

"Rangi gani?"

"Hayo maneno ya kijani yanayotangulia kabla hujaandika. Umeyapamba bila kuiambia mashine kwamba rangi haichukui nafasi. Yenyewe inaihesabu rangi kama herufi, inapoteza hesabu, haijui mstari unaishia wapi. Hebu sogea."

Akasogea. Kagua akaongeza alama mbili tatu, akaandika mstari mrefu wa upuuzi. Mstari ukafika ukingoni, ukashuka chini kwa adabu.

"Dada, wewe ni mchawi?"

"Mimi ni fundi. Ungekagua kwako kwanza kabla ya kumgombeza mtu wa watu."

"Haya, nimekoma. Nikulipe nini?"

"Soda."

"Soda tu?"

"Mbili. Ila ya pili unakunywa wewe, umekaa mbele yangu."

Basi ndiyo ikawa hivyo. Kijana alikuwa mtunza kompyuta wa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Alikuwa na sauti ya chini, hana haraka, hata akiudhika anaudhika taratibu, Kagua akamwita Mpole. Naye Mpole akamwita Kagua Bosi. Kabla soda ya tatu haijafunguliwa, walikuwa wameshapendana na wanajifanya hawajui.

Wapenzi wengine hutumiana picha na nyimbo. Hawa wawili, kwa kuwa kazi yao ni skrini nyeusi za maandishi, walijifungulia skrini yao ya pamoja kwenye kompyuta ndogo iliyokaa chini ya meza ya Mpole. Kila mmoja aliingia kutoka aliko, kwa akaunti moja na nenosiri moja walilolijua wawili tu, na alichoandika huyu kilionekana papo hapo kwa yule. Mwanzoni walisaidiana kazi. Baadaye kazi ikawa kisingizio. Kagua aliandika kwa kijani, Mpole kwa njano, na kila asubuhi anayetangulia kufika ofisini alimwandikia mwenzake, "Umeamkaje?"

Sasa skrini ya namna hiyo ina tabia moja. Inajipima kwa dirisha dogo kuliko yote. Mkiwa wawili wenye laptopu pana, mistari inanyooka vizuri. Akiingia mtu mwenye dirisha jembamba, wote mnabanwa kwenye wembamba wake, maneno yanakunjwa katikati, na nafasi inayobaki upande wa kulia inajaa vidoti.

Shangazi yake Kagua, aliyemlea tangu akiwa mdogo, aliugua kifua. Kagua akaenda kumuuguza, laptopu ikabaki kwa fundi inabadilishwa betri, mapenzi yakaendelea hivyo hivyo kwa kubanabana. Shangazi alipopata nafuu Kagua alirudi kazini. Asubuhi ya kwanza aliketi na laptopu yake iliyokwisha kutengenezwa, akafungua skrini yao, akakuta vidoti.

Upande wote wa kulia, vidoti vitupu. Maneno ya Mpole yamekunjwa kama shuka.

Akampigia simu.

"Mpenzi, nani mwingine yumo?"

"Yumo wapi?"

"Kwenye skrini yetu! Tumebanwa. Kuna mtu ameingia na dirisha dogo."

Mpole akaangalia. "Ni kweli. Kuna madirisha matatu, yote kwa akaunti yetu. La tatu ni jembamba, kama la simu. Linatokea kwenye mtandao wa simu, linaweza kuwa la mtu yeyote. Nimtoe?"

"Usimguse! Nataka nijue ni nani."

"Bosi wangu, ni amri moja tu na tumepona."

"Ahaa! Una haraka ya kumtoa, ee? Nenosiri tunalijua wawili. Mimi sijampa mtu. Sasa nani kampa?"

Kabla Mpole hajajibu, Kagua akasikia, upande wa pili wa simu, mwanamke anacheka.

"Nani huyo anacheka?"

"Dada wa mapokezi. Yeye hucheka siku nzima, ndiyo kazi yake."

Basi tena! Wivu ukamwingia Kagua ukavua viatu, ukajinyoosha. Kazini akawa anajibu simu za madaktari huku jicho liko kwenye vidoti. Akiandika neno tamu analifuta, anahisi yule mgeni anasoma. Mpole akiandika "nakupenda," yeye anajiuliza anaambiwa nani, yeye au yule mwembamba. Angeweza kumfukuza mgeni huyo mwenyewe, kwa kufumba na kufumbua. Hakutaka. Alitaka kumkamata.

"Niapie," aliandika kwa kijani.

"Nakuapia. Sina mwingine," ikajibu njano.

"Basi huyu ni nani?"

"Sijui, mpenzi. Nakuapia tena."

Ikawa ndiyo wimbo wao wa kila siku. Mpole anaapa, Kagua anauliza, vidoti vinatazama.

Mwisho uzalendo ukamshinda. Mchana mmoja alivaa blauzi yake nyekundu, akapaka wanja kama anayekwenda vitani, akaingia kwenye ukumbi wa vifurushi. Watu wamepanga foleni na maboksi yao. Na nani anaonekana ameegemea meza ya Mpole, kucha ndefu zimepakwa rangi, simu mkononi, anamwonyesha kitu na wote wawili wanacheka? Dada wa mapokezi.

"Kumbe ni wewe!" Sauti ya Kagua ikapanda mpaka darini. "Toka kwenye skrini yangu!"

Foleni nzima ikageuka.

"Skrini gani tena, mama?" dada akauliza, macho yamemtoka.

"Lete hiyo simu!"

"Bosi, tafadhali, twende nje tuongee," Mpole akasema.

"Siendi popote! Alete simu!"

Dada akaigeuza simu. Ilikuwa picha ya mtoto wake wa kike, anacheka, jino la mbele limeng'oka. Hakuna skrini nyeusi, hakuna chochote. Mzee mmoja kwenye foleni akaguna. Hapo ndipo Kagua angesema samahani, lakini mtu akishapanda juu kiasi kile kushuka kunamwia vigumu.

"Umeshafuta!" akasema. "Ndiyo tabia zenu!"

Dada akaanza kulia, kucha na wanja na vyote. Mpole akasimama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kagua zaidi.

"Nimekuapia mpaka viapo vimeniisha. Leo umemdhalilisha mtu asiye na kosa, mbele ya wateja. Nenda nyumbani."

"Naenda! Na sirudi!"

Akaenda. Akafuta namba ya Mpole, akaacha kufungua skrini. Aliwaambia wauguzi kwamba yuko sawa, ameona mwanga. Chakula kikawa hakipiti. Alimpenda yule mwanaume, na alijua kwamba akimkosa yeye hatampata mwingine wa kumchekesha vile.

Wiki zikapita. Jumamosi moja akaenda kumtazama Shangazi. Akamkuta kwenye kochi, mzima wa afya, miwani puani. Kwenye kabati, juu ya kitambaa, simu ya zamani ambayo Kagua alimwachia alipomaliza kumuuguza ilikuwa imeegemezwa kwenye chombo cha maua, iko kwenye chaji.

"Karibu mwanangu. Keti, ila usinizibe. Natazama tamthilia yangu."

"Tamthilia gani, Shangazi? Runinga imezimwa."

"Hiyo ya maandishi, kwenye simu. Tangu uondoke inaandika yenyewe. Nikaiacha. Mimi sizimi nisichowasha."

Kagua akasogelea kabati.

"Kuna msichana wa kijani na kijana wa njano," Shangazi akaendelea kwa raha zake. "Kijana mtamu huyo, we acha! Lakini huyo msichana! Wivu umemjaa mpaka puani. Eti kuna mtu wa tatu. Kijana anaapa, yeye haelewi, anaapa tena, haelewi. Msichana kichwa kigumu, sijui amelelewa na nani."

"Shangazi..."

"Ngoja nimalize. Halafu msichana akapotea. Kijana amebaki peke yake, maskini. Kila asubuhi anaandika, 'Umeamkaje?' Hajibiwi. Jana kaandika, 'Sijakufungia mlango.' Nimelia. Nimetamani nimjibu mimi, basi tu kubonyeza herufi sijui."

Kagua akaichukua simu. Ni ile ile aliyotumia kumwandikia Mpole usiku wa kuuguza, amekaa kitandani pa mgonjwa. Hakuifunga skrini yao alipoondoka. Kwenye kioo chembamba, mistari ya njano imekunjwa, asubuhi baada ya asubuhi, umeamkaje, umeamkaje. Yeye, mwenye kuwahubiria madaktari wakague kwao kwanza! Aibu ikampanda, akalia kwa kwikwi.

Shangazi akamtazama yeye, akaitazama simu, akamtazama tena.

"Kumbe wa kijani ni wewe?" Akashika mdomo. "Na mlezi mwenyewe ni mimi!"

Kagua akaandika kwa kijani: "Nimeamka vibaya."

Njano ikachomoza. "Bosi?"

"Ni mimi. Nipo kwa Shangazi, kwenye simu yangu ya zamani. Haikuwahi kutoka kwenye skrini yetu. Mtu wa tatu ni mimi."

"Ulikuwa unajionea wivu mwenyewe."

"Ndiyo. Cheka basi."

"Sicheki. Na uliyemkosea zaidi si mimi."

"Najua. Nitakuja."

Jumatatu akaingia ukumbini na gauni lake la bluu, bila wanja. Alisubiri foleni ijae, maana alikosa mbele ya watu. Akasimama kwenye kaunta ya mapokezi, akasema wazi kwamba alimsingizia dada huyu, na kosa lilikuwa lake peke yake, na anaomba radhi.

Dada akamtazama juu mpaka chini. "Mama, nilidhani leo umekuja na rungu." Kisha akaigeuza simu yake. "Ona. Jino limeota."

Mpole alikuwa amesimama nyuma ya meza yake.

"Umenisamehe?" Kagua akauliza.

"Bado kidogo. Moyo wangu una kasi ndogo, unanijua. Lakini asubuhi fungua skrini."

Asubuhi akafungua. Vidoti bado vipo, maneno bado yamekunjwa.

"Shangazi bado yumo," akaandika. "Nimtoe?"

"Mwache. Leo namtaka."

Kisha njano ikaanza kutembea, mstari baada ya mstari mwembamba.

"Shangazi, shikamoo. Mimi ndiye kijana wa njano. Naomba ruhusa nije Jumapili na mama yangu, tuzungumze habari za msichana wa kijani. Ana kichwa kigumu, najua. Ukinikubalia, nataka kumuoa."

Kagua hajamaliza kusoma, simu yake ikaita. Shangazi, anahema kama amepanda ngazi.

"Umesoma? Umesoma?"

"Nimesoma, Shangazi," akajibu, machozi na kicheko vimechanganyika.

"Sasa unangoja nini? Mwandikie marahaba! Upesi, mimi kubonyeza herufi sijui!"