Tangazo Ambalo Redio Haikulisoma

"Pole sana na msiba, Kulsumu mwanangu."

Msiba?!

Ndiyo kwanza nilikuwa nashuka kwenye basi, stendi ya Sumbawanga, Machi 1979. Aliyenipa pole ni Mama Sada, jirani yetu wa mtaa wa Izia, aliyekuwa anauza karanga pale stendi.

"Msiba gani, Mama Sada?"

Akaziba mdomo kwa kanga.

"Mungu wangu... kumbe hawajakwambia?"

Jamani!!

Subirini kwanza niwarudishe nyuma. Nawajua nyie wa humu, mnaanza kukomenti kabla ya kumaliza kusoma.

Mimi ni mtoto wa Mzee Halfani, yule wa lori la bluu. Miaka ile ya Ujamaa duka lake lilishafungwa, akabaki na lori tu. Anapeleka ulezi Kabwe, kule Ziwa Tanganyika, anarudi na migebuka, samaki wakavu wa huko. Ufipa nzima ilimjua. Akifika kijiji kama Msanzi lazima azime gari, ashuke, asalimie wazee na kuulizia wagonjwa. Safari ya siku moja yeye anaifanya siku tatu.

Nilipochaguliwa Chuo Kikuu, Dar, kusoma stadi za mawasiliano, tena kwa shahada kamili, baba alitangaza stendi nzima.

"Mwanangu anakwenda kusomea kuongea!"

"Kuongea nako kunasomewa, Mzee Halfani?"

"Dar kila kitu kinasomewa!"

Sasa sikilizeni kichekesho. Nasomea kuongea, na sina wa kuongea naye! Wenzangu bwenini walikuwa na ndugu zao Ilala na Magomeni. Jumapili wote wanaondoka, mimi nabaki na redio yangu ndogo. Nikifungua mdomo wanacheka lafudhi yangu ya bara. Nikajizoesha kunyamaza.

Kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa kuchunguza habari zinavyofika mikoani. Nikachagua matangazo ya vifo ya redioni. Kila siku nasikiliza: nani amefariki, wapi, habari ziwafikie akina nani. Nilipokwenda likizo nikamsimulia baba.

"Kwa hiyo mtu akifa popote nchi hii, wewe unajua?"

"Hakinipiti kifo, baba."

"Basi mimi nikifa utakuwa wa kwanza kujua!"

Tukacheka wote wawili. Nilicheka, mimi mjinga...

Haya, turudi stendi. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa mwisho, narudi nyumbani.

Nilikimbia mpaka Izia, sanduku sijui nilimwachia nani. Nikamkuta mama ndani, kakaa eda.

Kumbe ni baba.

"Lini, mama?"

"Mwezi wa pili, mwanangu. Kifua kilimbana."

Nikamgeukia kaka yangu Muhidin. Huyo ndiye aliyekuwa ananiandikia barua.

"Kaka, barua yako ya mwisho ulisema mzee ananisalimu."

Akaanza kwenda mlangoni.

"Alikuwa keshazikwa?"

Nikamzibia njia.

"Muhidin! Alikuwa keshazikwa?!"

"Ndiyo, mdogo wangu."

Nilimvaa. Wallahi nilimkwida shati mpaka vifungo vikaruka.

"Ulinificha upate lori! Sema! Nasikiliza majina ya marehemu wa nchi nzima, baba yangu mwenyewe mnanificha?!"

Muhidin aliniacha nimvute. Machozi yalikuwa yanamtoka tu.

"Mwache kaka yako," mama akasema. "Aliyekataza ni baba yako mwenyewe."

"Alikataza nini?"

"Tangazo la redioni. Kabla hajakata roho alisema, 'Kulsumu atasikia. Ataacha mtihani apande treni. Wanizike waliopo.'"

Na waliopo walikuwa akina nani? Mvua ilikuwa imekata barabara zote za vijijini. Kabwe hawakujua, Msanzi hawakujua. Mtu aliyesalimia Ufipa nzima alizikwa na majirani wachache wa Izia, kwa sababu mimi nilikuwa na mtihani.

Sikulia. Nililala na hasira, nikaamka nazo.

Barabara zilipofunguka, siku moja nikasikia hodi. Mzee Zenon wa Kabwe! Rafiki mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa anamuuzia samaki. Kabeba furushi la migebuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, msomi wetu! Halfani alisema mwezi wa tatu unamaliza. Hawa samaki ni wako, hongera sana. Yeye mwenyewe yuko wapi? Mwambie nimemkasirikia. Kapata binti msomi, basi Kabwe haji tena?"

Hajui...

Wadau, nilifundishwa namna ya kuanza hotuba, namna ya kumtazama msikilizaji, namna ya kupanga maneno. Yote yalinikimbia. Nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu, vile Wafipa wanavyomsalimu mtu mzima.

"Baba, Halfani hayupo. Tumemzika mwezi wa pili. Hamkuambiwa kwa ajili yangu, ili nisisikie redioni nikaacha mtihani."

Mzee Zenon akakaa palepale mlangoni, samaki mapajani.

"Kumbe nilikuwa namnunia marehemu," akasema.

Hapo ndipo nilipolia. Tulilia wote, mimi na mzee wa watu.

Kesho yake Muhidin akawasha lori, nikapanda. Kila kijiji alichozoea kushuka baba, nilishuka mimi. Wanakuja wanacheka, wameliona lori la bluu.

"Halfani yuko wapi?"

Na mimi nawajibu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza na shahada yangu ya kuongea.

Wenye watoto vyuoni, nawaomba. Msiwafiche misiba. Najua mnafanya kwa mapenzi, hata baba alinipenda. Lakini mtihani unarudiwa. Kumzika baba yako hakurudiwi.

Leo mama hayupo. Muhidin hayupo, Mzee Zenon naye hayupo. Nimebaki peke yangu nyumba ya Izia, na redio bado naiwasha ikifika saa ya matangazo ya vifo. Najua hawatamtaja baba. Nasikiliza tu.

Ila nyie mko wengi humu. Basi niruhusuni nilisome tangazo lake mimi mwenyewe.

*Kulsumu binti Halfani wa Izia, Sumbawanga, anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa, Mzee Halfani wa lori la bluu, kilichotokea Februari 1979. Habari ziwafikie watu wa Msanzi, watu wa Kabwe, na yeyote aliyewahi kupewa lifti naye, popote pale alipo.*

*Mazishi yameshafanyika.*