Ripoti ya Jamleck

Watu kumi na mmoja walipiga makofi mchumba wangu alipomaliza kutuambia kwamba ana mtoto Mau Narok.

Hata mimi nilipiga. Kila Jumatano mtu akimaliza ripoti tunapiga makofi, tunasema amina, anayefuata anasimama, na mikono yangu ilikuwa imezoea. Nilipiga mara nne au tano hivi kabla kichwa hakijaelewa masikio yamesikia nini.

Afadhali nieleze. Hapa Karagita tuna ushirika wa jioni nyumbani kwa Mwalimu Kabiru, na tangu Januari tulikuwa tukisoma yale mafundisho ya Yesu ya mlimani. Mwalimu hapendi watu wa kusoma na kufunga kitabu. Anaandika fundisho moja moja kwenye vikaratasi, anavikunja, anavitia kwenye sufuria, kila mtu anachukua chake. Ulichookota unakiishi wiki nzima, kisha unarudi kutoa ripoti. Mama Zeddy aliwahi kuokota lile la kugeuza shavu la pili, na supavaisa wake akamtukana mpaka Jumamosi. Mimi niliokota la kutohangaikia kesho nikashindwa Ijumaa.

Jamleck alikuwa ameokota lile la sadaka: ukifika madhabahuni ukakumbuka kuna ndugu mliyekosana, iache sadaka hapo hapo, nenda mpatane kwanza.

"So nikakumbuka," alisema akiwa amesimama kando ya friji ya Mwalimu. "Kuna dada anaitwa Wangare, ako Mau Narok. Tuliachana vibaya. Tuko na mtoto wa miaka nne. Nikaenda Saturday, tukaongea, nikamwomba msamaha. Tumepatana. Bwana asifiwe."

Amina. Makofi.

Mama Zeddy, aliyekuwa akimimina chai, aliinua macho akanitazama, akaendelea kumimina mpaka chai ikajaa sahani. Ndipo wengine nao wakanitazama.

Nilikuwa na Jamleck miaka mitatu. Ndoa yetu ilikuwa imetangazwa kanisani Jumapili mbili, imebaki moja. Baba yangu kule Olenguruone alichukua miaka miwili kumkubali mkwe Mkikuyu, asiye wa kabila letu, na alipokubali alikubali kabisa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika kwake, na mmoja alikuwa amempa jina la Jamleck kwa utani.

Sikuhisi kitu. Nasema hivi kwa sababu watu waliniuliza sana baadaye. Mimi kazi yangu ni kupanga waridi kwenye chumba cha baridi cha shamba la maua, na mle ndani unaweza kuchomwa na mwiba usijue mpaka uone damu kwenye majani. Ilikuwa hivyo.

Jamleck alinisindikiza hadi mlangoni kwangu.

"Leti, sema kitu."

"Ilikuwa ripoti nzuri."

"Ningekuambia lini? Nimeogopa hii miaka yote. Nikaona afadhali nisimame niseme mara moja, iishe."

"Ukaniogopa mimi, na hao watu wote hukuwaogopa."

"Wao hawawezi kuniacha."

Lilikuwa jibu la kweli, na nikalingoja liniguse. Halikunigusa. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani, akasema Lynn. Nikamwambia alale salama, ingawa hata giza lilikuwa halijaingia vizuri.

Siku mbili zilizofuata simu haikunyamaza. Mwalimu Kabiru alipiga akaomba radhi kwa vile mambo yalivyotokea, lakini akasema ni wanaume wachache wangefanya alichofanya Jamleck, na kwamba mafundisho ya kusamehe yamo humo humo, niyasome. Mchungaji naye alitaka kujua kama asome tangazo la tatu. Nikamwambia asome. Ili nikatae ningehitaji hasira, na hasira sikuwa nayo.

Alhamisi nikiwa kwenye foleni ya chakula kazini, ujumbe wa Jamleck ukaingia: "Leti nimefanya vile Yesu alisema. Niliwacha sadaka nikaenda. Sasa nikirudi usinifungie mlango. Pls."

Niliusoma mara tatu. Kisha nikala githeri yangu.

Ijumaa jioni ndipo nikafungua lile fundisho mwenyewe, polepole, kama Mwalimu anavyotufunza. Kuna kitu kilinikwama. Mwenye kinyongo katika maneno yale ni yule ndugu, wala si mwenye sadaka. Huendi kujisafisha, unaenda kwa sababu kuna mtu uliyemuumiza. Na katika ripoti yote ya Jamleck tulisikia alichosema Jamleck. Hatukusikia Wangare alisema nini.

Jumamosi nikaomba ruhusa kazini nikaenda Mau Narok.

Ni mji mdogo. Nilimuulizia Wangare kwenye stoo ya kwanza ya viazi, wakanielekeza ya pili, nikamkuta. Alikuwa amevaa sweta mbili, anachagua viazi vya mbegu, vidogo huku, vikubwa kule. Nilimwambia mimi ni nani. Akanisogezea gunia nikae.

"Umekuja kugombana?"

"Hapana. Jamleck alituambia mmepatana. Nataka kukusikia wewe."

Aliendelea kuchagua viazi.

"Siste, alikuja na mkate na soda ya mtoto. Hakukaa hata nusu saa. Akaniuliza kama nimesikia anaoa, nikamwambia nimesikia. Akasema Jumapili ya tatu, ndiyo hii kesho, ndio mara ya mwisho kutangazwa, na mtu akiwa na pingamizi ndio wakati wake. Akaniomba nisikuje."

"Hivyo tu?"

"Na niandikie pastor wenu barua. Kwamba mimi na yeye tumemalizana, sina maneno na yeye."

"Ukaandika?"

"Niliandika, akaibeba ampelekee. Nilikuwa nimechoka, na mtoto alikuwa anafurahia soda."

Nikamuuliza kama Jamleck alikaa na mtoto. Akasema alimsalimia kwa mkono, kama mgeni aliyetembelea shule. Mara ya mwisho kumwona kabla ya hapo ilikuwa wodini, siku aliyozaliwa.

Nilifikiri nitakasirika sasa. Nilikaa tu pale juu ya gunia, baridi ya Mau Narok ikinipanda miguuni, nikimtazama anavyofanya kazi.

"Na wewe unataka nini?" nikamuuliza.

Alisimamisha mikono.

"Hakuna mtu ameniuliza hiyo." Akachukua kiazi kingine. "Yeye mwenyewe simtaki, usijali. Lakini huyu msichana nilimpea jina vile mila yetu inataka. Lynn ni ya shule. Jina yake ni Njoki, ya shosho yake, mama ya Jamleck. Jamleck alikuwa ameshahepa na bado nikampea hiyo jina. Miaka nne, na huyo shosho hajui kuna mtu anaitwa yeye."

Huyo Njoki mkubwa, mama yake Jamleck, namjua. Krismasi tulimenya viazi pamoja jikoni kwake, akaniambia ndugu zake wote wameshapata wajukuu waliopewa majina yao, yeye tu ndiye anangoja. Alisema akicheka, akinigusa tumbo. Jamleck alikuwa amekaa pale pale mlangoni, akinoa kisu.

Hilo ndilo lililonifikia. Si mwanamke, si mtoto, wala si barua. Ni yeye kukaa pale ananoa kisu huku mama yake akingoja.

Wangare alinipa viazi vya kubeba. Nilishindwa kukataa.

Jumapili mchungaji alisoma majina yetu baada ya matangazo ya wamama na ya ujenzi wa jiko la kanisa. Jamleck na Jepleting, yaani mimi, mara ya tatu na ya mwisho. Jamleck alikuwa kando yangu, na mama yake alikuwa benchi ya mbele, amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi, huku tayari akigeuza ukurasa, kwa maana pale kwetu hakuna mtu aliyewahi kusimama.

Nikasimama.

"Mimi."

Watu walicheka kidogo. Mchungaji naye akatabasamu.

"Jepleting, wewe ndiwe bibi harusi."

"Najua. Niko na pingamizi."

Alisema basi twende tukaongee ofisini baada ya ibada. Nikamwambia hapana, ripoti ilitolewa mbele ya watu na hii pia itasemwa mbele ya watu. Sauti yangu ilitoka kavu kabisa, kama ninasoma orodha ya maua kazini.

"Jamleck ako na mtoto Mau Narok. Ile barua mko nayo si ya kupatana. Alienda kumwomba mama ya huyo mtoto anyamaze hii Jumapili ipite. Mimi sitaolewa hivyo."

Jamleck alinivuta nguo. Mama yake aligeuka, hakumtazama mwanawe, akanitazama mimi.

"Ni msichana?"

"Ni msichana, mum."

"Anaitwa nani?"

Nilikuwa nimekuja tayari kwa kila kitu, na hilo nusura linishinde.

"Anaitwa Njoki."

Aliketi. Wamama wawili wakamsogelea, na mchungaji akaanzisha wimbo kwa sababu hakujua la kufanya.

Jamleck alinipata nje, karibu na tangi la maji.

"Umenimaliza, Leti."

Akasogea karibu.

"Kumbe haukunipenda. Mtu akipenda anasamehe. Si ndio tumesoma miezi yote hii?"

"Nilikusamehe jana, nikitoka Mau Narok. Na nakupenda."

"Basi?"

"Basi sitaolewa na wewe."

Alifuta uso kwa mkono wa shati. Aliuliza, je, akienda kumchukua mtoto, amlete kwa mama yake, afanye kila kitu vile inafaa?

"Mlete kwa sababu ni wako. Usimlete kwa sababu yangu."

"Nikifanya hivyo utarudi?"

"Hapana, Jamleck."

Na nilipomwambia hivyo ndipo nikaanza kulia, mara ya kwanza tangu Jumatano. Nililia kwa sauti, watu wakitoka kanisani wakipita kando yetu. Uchungu wote uliingia mara moja. Yeye alidhani nimebadilisha mawazo, akanivuta kifuani. Nilimwacha anishike mpaka nikamaliza. Kisha nikafuta uso, nikasogea kando, nikampigia baba simu kuhusu ng'ombe.